Namna ya Kukaa Katika Hoteli Ndogo ya Kifahari Ndani ya Kuta za Fez

Hoteli nyingi ndogo za kifahari zilizo ndani ya kuta za Fez, nchini Moroko, hazikujengwa ziwe hoteli. Zilikuwa nyumba za ukoo za wafanyabiashara, makadhi na wanazuoni, kila moja ikiwa imejengwa kuuzunguka ua wake na kuipa njia mgongo. Wafaransa walipoanza kujenga mji mpya nje ya kuta baada ya mwaka 1912, familia zenye uwezo zilihamia huko polepole, na nyumba nyingi za kale zikagawanywa vyumba vya kupangisha au zikaachwa zichakae. Ukarabati wa miongo ya karibuni umezirudishia sura yake, na leo mgeni anaweza kulala chini ya dari ya mwerezi iliyochongwa na kupakwa rangi kwa mkono, mahali ambapo zamani alilala bwana harusi wa nyumba ile. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya kukaa humo hayafanani na ya hoteli ya kawaida. Hutakuta lifti wala ukumbi mkubwa wa mapokezi. Anasa imo katika kazi za mikono na katika watu wachache wanaoiendesha nyumba, na mgeni huipata kwa kadiri anavyouliza mapema na anavyokubali kuipa nyumba muda wake.

Kuchagua nyumba kwa lango lake

Watu wengi huchagua kwa picha, na picha za nyumba hizi zote huvutia: ua, chemchemi, vigae, mito ya rangi. Ushauri wangu ni kuanza na ramani. Mji mkongwe, unaoitwa Fes el-Bali, hauingiwi na magari. Ulianza mwaka 789 upande mmoja wa mto chini ya Idris wa Kwanza, mwasisi wa nasaba ya Idrisi, mwanawe akaanzisha makazi ya ng'ambo ya pili miaka ishirini hivi baadaye, na pande hizo mbili zikaunganishwa kuwa mji mmoja katika karne ya 11. Kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa zina asili ya zama za utawala wa nasaba ya Almohadi, mwanzoni mwa karne ya 13. Ndani yake kuna maelfu ya vichochoro, na vingi havina njia ya kutokea. Umbali unaoonekana mfupi kwenye ramani unaweza kuwa robo saa ya kushuka na kupanda ngazi ukiwa na mzigo.

Njia kuu mbili, Talaa Kebira na Talaa Sghira, zinateremka kutoka lango la Bab Boujloud lililo juu magharibi hadi kwenye msikiti wa al-Qarawiyyin ulio bondeni. Ukishaelewa mteremko huo umeuelewa mji: ukishuka unaelekea kwenye masoko na misikiti, ukipanda unaelekea langoni na kwenye teksi. Nyumba zilizo karibu na Batha, Bab Boujloud na Ain Azliten zinafikika kwa urahisi, na humfaa mtu mzima wa umri, mwenye watoto wadogo, au anayefika usiku. Zilizo karibu na uwanja wa Rcif, upande wa chini, nazo zina teksi jirani na ziko hatua chache tu kutoka kwenye masoko. Zile za katikati kabisa ndizo zenye utulivu mzito zaidi, na ndizo zinazomdai mgeni miguu yenye nguvu. Kabla ya kulipa chochote, iandikie nyumba na uulize jambo hili kwa maneno haya haya: kutoka mahali teksi inaposimama hadi mlangoni kwenu ni dakika ngapi kwa miguu, na njiani kuna ngazi? Nyumba yenye uangalifu itakujibu kwa dakika na kukutajia mahali pa kukutana. Nyumba inayojibu kwamba iko «katikati ya kila kitu» haijakujibu.

Swali la pili linahusu chumba chenyewe. Matangazo huziita nyumba zote riadi, lakini riadi halisi huwa na ua mpana wenye bustani, mara nyingi michungwa au milimau na chemchemi katikati, ilhali nyumba ya aina ya dar ina ua mwembamba uliotandikwa vigae, wenye kuta ndefu zinazopanda hadi angani. Zote mbili zinaweza kuwa za kifahari, ila hewa na mwanga wake ni tofauti. Katika zote mbili vyumba huangalia ndani, na vingi havina dirisha la nje hata moja. Vyumba vya chini vina milango mirefu ya mbao na ubaridi mzuri wakati wa kiangazi, lakini mwanga wake ni hafifu na mazungumzo ya uani huingia yote. Vya juu vina mwanga, na ngazi zake ni nyembamba, zenye vipandio virefu vilivyofunikwa vigae vinavyoteleza vikilowa. Kwa hiyo omba picha za chumba utakachopewa, si za chumba kizuri kuliko vyote, na uulize idadi ya ngazi. Mwenye goti bovu aseme mapema. Vyumba vya chini ni vichache na huondoka haraka.

Usisahau majira. Fez iko bara, kwenye kimo cha mita mia kadhaa. Januari usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 4, na nyumba iliyojengwa kukimbia jua la Julai haina huruma kwa mgeni wa Januari. Uliza kama chumba kina kipasha joto kinachofanya kazi usiku kucha na kama ua hufunikwa mvua inaponyesha. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na siku nyingine 40. Aprili, Mei, Oktoba na mwanzo wa Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza, ingawa tamasha la muziki wa kiroho ulimwenguni, lililoanzishwa mwaka 1994, hujaza vyumba na kupandisha bei wakati linapofanyika. Wanaokwenda kuzuru zawiya ya Sheikh Ahmad al-Tijani, mwasisi wa tarika ya Tijaniyya, aliyezikwa mjini humo mwaka 1815, nao ni wengi katika nyakati zao, hasa kutoka Afrika Magharibi.

Kufika bila kuhangaika

Kutoka Afrika Mashariki wasafiri wengi hupitia Casablanca, ama kwa ndege ya moja kwa moja pale inapopatikana, ama kupitia miji ya Ghuba, Cairo au Istanbul. Hakikisha masharti ya viza ya pasipoti yako kwa ubalozi wa Moroko kabla ya kulipia chumba kisichorudishiwa fedha. Kutoka uwanja wa ndege wa Casablanca kuna treni hadi kituo cha Casa Voyageurs, na hapo hupandwa treni ya Fez inayopita Rabat na Meknes kwa safari ya takribani saa nne. Lipia daraja la kwanza ikiwa una mizigo, kwa kuwa kiti chako huwa na namba na hakuna wa kukuondoa. Kumbuka pia saa: kwa kawaida Moroko iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, lakini katika mwezi wa Ramadhani saa za nchi hurudishwa nyuma na tofauti huwa saa tatu.

Teksi ndogo za Fez ni nyekundu, zina mita, na huchukua abiria watatu tu, hivyo familia ya watu wanne itahitaji mbili au gari iliyoagizwa na hoteli. Kwa mara ya kwanza agiza gari ya hoteli hata kama bei yake iko juu kidogo, kwa sababu unachonunua hasa ni mtu atakayekusubiri langoni. Mtu huyo huja na hamali mwenye mkokoteni, ambaye hupakia masanduku na kutangulia mbele katika vichochoro ambavyo mara nyingine upana wake ni wa mabega mawili. Hamali hulipwa kando. Uliza kiwango kwa barua kabla hujafika, uwe na noti ndogo mfukoni, na mpe mwenyewe mkononi. Ukiwa na uwezo wa kupanga, fika mchana. Vichochoro vya usiku si vya kutisha, lakini milango yote ya nje inafanana, na mlango mdogo usio na pambo lolote ndio kwa kawaida unaoficha nyumba kubwa kuliko zote, kwa kuwa wenyeji wa zamani waliona haya kumwonyesha mpita njia utajiri wao. Msomaji aliyewahi kuingia nyumba za kale za Lamu atautambua mpango huo mara moja: njia ya kuingilia hupinda ili macho ya nje yasifike uani.

Ukifika utapewa chai ya nanaa kabla ya kuulizwa lolote. Ikubali na uketi. Baada ya hapo utajaza fomu ya wageni inayopelekwa polisi, ambayo inadaiwa na sheria kwa kila nyumba ya kulala wageni, na pasipoti yako itachukuliwa kwa muda mfupi kunakiliwa. Kuna pia kodi ndogo ya utalii kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo nyumba nyingi huipokea kwa fedha taslimu mwishoni.

Kuitumia nyumba yenyewe

Hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza sehemu bora ya fedha zao. Hufika, huacha mizigo, hutoka mbio kwenda masokoni na kurudi usiku kulala, kana kwamba wamepanga kitanda tu. Mimi ningeshauri asubuhi moja nzima uibakize kwa ajili ya nyumba. Keti uani wakati jua linaposhuka ukutani hatua kwa hatua, kisha usogee karibu na vigae vya zelliji uviguse. Kila kipande kimekatwa kwa nyundo kutoka kwenye kigae kilichokwisha kuchomwa; fundi huvipanga vipande sura ikiwa chini, bila kuiona rangi, halafu humimina mchanganyiko wa chokaa mgongoni, na jopo likishakauka huinuliwa ndipo pambo la nyota linapoonekana. Ukipitisha kidole utahisi kingo ndogo ndogo zisizolingana, na ukitazama kijani kimoja utaona kwamba ni vijani vingi, kwa sababu moto wa tanuri haufiki sawa kila mahali. Juu ya vigae kuna mkanda wa chokaa iliyochongwa ikiwa bado mbichi, na juu yake mwerezi kutoka milima ya Atlasi ya Kati. Muulize mwenye nyumba ni sehemu gani ni ya kale na ipi imetengenezwa upya. Wenye nyumba wanaoipenda kazi yao hulifurahia swali hilo, na mara nyingi litakufungulia milango ya vyumba ambavyo havikuwemo katika mpango wako.

Utunzaji ni sehemu ya adabu. Kuta za bafu zinazong'aa bila vigae zimepakwa tadelakti, yaani chokaa iliyosuguliwa kwa jiwe na sabuni ya zeituni hadi ikawa haipitishi maji. Hukwaruzika, na rangi huzama ndani yake. Akina mama wanaosafiri na hina au piko wamwambie mhudumu, ambaye atawaletea beseni na kitambaa cha kutandika. Akitakiwa kusaidia mapema hakuna ugumu wowote, lakini doa likishaingia ukutani fundi ataitwa. Funga milango ya mbao kwa mikono miwili. Zungumza kwa sauti ya chini uani baada ya saa nne usiku, kwa sababu ua huinua sauti hadi vyumba vyote vya juu. Na ujue kwamba adhana ya alfajiri itatoka minara mingi kwa pamoja. Ambaye usingizi wake ni mwepesi na hataki kuamka achukue viziba masikio.

Sakafu ya juu ya paa ndiyo roshani ya mji mzima. Nenda dakika chache kabla ya magharibi, uyaone makaburi ya Wamarini, watawala wa zamani wa Moroko, kilimani upande wa kaskazini na minara ikiwaka taa mmoja mmoja. Mapaa ya jirani, hata hivyo, tangu zamani yamekuwa mahali pa wanawake kuanika nguo na kuzungumza, kwa hiyo usielekeze kamera huko. Hoteli hizi huishi kwa hisani ya majirani, na picha moja isiyo na ruhusa huharibu uhusiano wa miaka.

Chakula cha jioni huagizwa asubuhi. Jikoni kwa kawaida kuna mpishi mmoja au wawili, wengi wao wakiwa wanawake wa Fez waliojifunza nyumbani kwao, nao hununua sokoni siku ile ile kulingana na walioagiza. Agiza bastila angalau mara moja: tabaka za unga mwembamba kama karatasi, ndani yake njiwa au kuku, lozi na mayai, na juu sukari laini na mdalasini. Ni chakula cha karamu, kinachotaka saa nyingi za kazi, na ndiyo sababu anayekiomba saa moja usiku hakipati. Asubuhi utaletewa msemen, mkate wa tabaka kama chapati, na baghrir, ambayo ni kama chila yenye matundu mengi zaidi, pamoja na asali, siagi na zeituni. Ukiona wanakuletea juisi na mikate ya Kifaransa tu, omba kwa upole kile wanachokula wenyewe. Mayai ya kukaanga na khlii, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ni fahari ya mji huu. Ijumaa ni siku ya kuskusi, na ni siku ambayo maduka mengi hufungwa tangu adhuhuri, kwa hiyo panga kubaki nyumbani ule pamoja na wengine.

Nyumba nyingi za daraja hili zina hamamu, yaani bafu la mvuke, yake ndogo. Weka saa yako siku moja kabla, kwa kuwa chumba huhitaji kupashwa moto. Utapakwa sabuni nyeusi ya zeituni, utaachwa katika mvuke, kisha utasuguliwa kwa glovu iitwayo kessa hadi ngozi iliyokufa itoke kama nyuzi, na mwisho utapakwa udongo wa ghassoul. Usiende na tumbo lililojaa. Anayetaka hamamu ya mtaani, ambayo ni rahisi kwa bei na ina uchangamfu wake, aombe mhudumu wa jinsia yake amsindikize mara ya kwanza, kwa sababu saa za wanaume na za wanawake hutofautiana na hazibandikwi mlangoni kila mara.

Kutoka na kurudi

Omba kadi ya nyumba yenye anwani kwa Kiarabu, na uhifadhi ramani katika simu ili ifanye kazi bila intaneti, ingawa kati ya kuta ndefu kitone cha buluu hurukaruka. Njia bora ni kukariri alama tatu kutoka mlangoni kwako hadi Talaa iliyo karibu: chemchemi ya mtaa, tanuri la mikate, msikiti. Kijana atakayekuambia kwamba njia imefungwa na kwamba atakuonyesha nyingine, mshukuru na uendelee, njia haijafungwa. Ukisikia «balak!», yaani «pisha!», nyuma yako jibanze ukutani kwanza, utazame baadaye, kwani punda mwenye mitungi ya gesi hana breki. Kwa siku ya kwanza ninaona kiongozi mwenye leseni ni wa lazima. Hoteli itakupatia mmoja mwenye kitambulisho cha serikali; mwambie wazi kwamba hukuja kununua mazulia, na mkubaliane saa na malipo kabla ya kutoka.

Madrasa ya Bou Inania, iliyojengwa kati ya 1350 na 1355, ina uzito wa pekee kwa msomaji wa pwani yetu. Aliyeijenga, Sultani Abu Inan, ndiye aliyeamuru safari za Ibn Battuta, msafiri wa Moroko wa karne ya 14, ziandikwe, na katibu Ibn Juzayy akaikamilisha kazi hiyo hapa hapa Fez mwaka 1355 hivi, zikiwemo kurasa za ziara yake ya Mombasa na Kilwa ya mwaka 1331 hivi. Maelezo ya mapema ya shahidi wa macho kuhusu Kilwa yalitoka katika mji huu. Madrasa huingiwa na kila mtu kwa tiketi. Misikiti ya Fez haiingiwi na wasio Waislamu, ambao hutazama kutoka mlangoni. Mwislamu ataingia al-Qarawiyyin wakati wa sala, akiwa amevaa kwa heshima, na salamu yake itatosha kumtambulisha. Msikiti huo unanasibishwa na Fatima al-Fihri, mwaka 859, na kusali chini ya matao yake meupe ni jambo ambalo singemshauri msafiri yeyote Mwislamu alikose. Viwanda vya ngozi vya Chouara hutazamwa kutoka roshani za maduka ya ngozi. Nenda asubuhi, pokea kijiti cha nanaa cha kunusa dhidi ya harufu ya chokaa na kinyesi cha njiwa, na umpe mwenye duka kitu kidogo ikiwa hununui.

Malipo ya kuondoka

Lipa hesabu jioni ya kuamkia siku ya safari, kwa sababu mtandao wa kadi hukatika na asubuhi mhudumu wa zamu huenda hana ruhusa ya kubadilisha chochote. Pitia kila mstari: chakula cha jioni, hamamu, gari, kodi ya utalii. Bakshishi iweke katika kisanduku cha pamoja kama kipo, maana mpishi na wafuaji hawaonekani na wageni, halafu mwongeze kwa mkono yule aliyekuhudumia kwa namna ya pekee. Mwenye treni ya alfajiri aombe kifurushi cha kifungua kinywa na hamali usiku ule ule. Dirhamu zilizobaki zibadilishe ukiwa bado nchini ukionyesha risiti ulizopewa uliponunua, kwa kuwa nje ya Moroko ni maduka machache ya fedha yanayozipokea.